Dashibodi ya kijani, mezani hakuna kitu: kisa cha programu iliyosakinishwa mahali pasipo mtu

Simu ya kwanza iliingia Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi. Alikuwa mama mmoja wa uhasibu, mtu asiyepiga simu ovyo. "Mwanangu, ujumbe wenu wa Ijumaa ulisema programu mpya ya kusaini nyaraka mmeshaiweka. Mbona mimi naiona ileile ya zamani, na yenyewe sasa inagoma?" Nilimwambia azime kompyuta aiwashe tena. Nilisema hivyo kwa kujiamini, maana mbele yangu dashibodi ya chombo chetu cha kusambaza programu ilionyesha kompyuta 238 kati ya 241 zikiwa za kijani. Akazima, akawasha, akapiga tena. Sijamaliza kumsikiliza, laini ya pili nayo ikaanza kulia.

Kufikia saa tatu dawati la msaada lilikuwa limepokea simu thelathini na ushei, zote na lalamiko lilelile. Dashibodi bado ilikuwa ya kijani.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kirefu kwa kuwa hakuna kitu kilichoharibika. Kisakinishi kilifanya kazi yake bila hitilafu. Wakala aliyeko kwenye kila kompyuta alitoa taarifa ya kweli, na seva ikaipokea kama ilivyo. Kila kipande ukikihoji peke yake kina majibu sahihi, na bado hapakuwa na mtu anayeweza kusaini waraka.

Tulivyojiandaa

Kompyuta zetu zote ni za Windows, nyingi za mezani na chache za mapajani. Wafanyakazi hawana haki za msimamizi, kwa hiyo programu huwafikia kupitia chombo cha kati. Utaratibu wake unajulikana kwa yeyote aliyewahi kushika Intune, Configuration Manager au vyombo vya aina hiyo: wakala mdogo huiuliza seva kama kuna kazi mpya, hupakua kifurushi, huendesha amri ya kusakinisha, husoma namba ya majibu ambayo kisakinishi huacha kinapomaliza, kisha hukagua kama programu kweli ipo. Ukaguzi huo wa mwisho huitwa utambuzi, na kanuni yake huiandika msimamizi mwenyewe. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Mwenye mfumo wa kusaini nyaraka alikuwa ametangaza kwamba toleo la zamani litakatiwa mawasiliano na seva yake usiku wa kuamkia Jumatatu. Tulipewa wiki tatu. Mbili ziliishia kwenye barua za kuombana faili na idhini, ikabaki moja ya kufanya kazi.

Faili tuliyoletewa ilikuwa moja, ya aina ya exe. Jambo la kwanza nililotaka kujua ni kama inakubali kusakinishwa kimya. Swali hilo si la uvivu. Tangu Windows Vista, huduma za mfumo huendeshwa kwenye kipindi namba 0, kilichotengwa na kipindi cha mtu aliyeketi kwenye kompyuta. Dirisha lolote likifunguka huko halionekani na yeyote. Kisakinishi kikiuliza "Unakubali masharti?" kitakaa kikisubiri jibu ambalo haliji, mpaka wakala achoke na kukikata. Nilijaribu swichi ya /S (kiambatisho cha amri kinachoagiza ukimya), ikafanya kazi bila kuuliza chochote. Nikafurahi, nami nikaacha kuuliza.

Kwenye kompyuta ya majaribio nilibofya faili mara mbili, nikasakinisha kwa mkono, kisha nikatazama programu imetua wapi. Ilikuwa ndani ya folda yangu ya mtumiaji, chini ya AppData\Local\Programs. Nikaandika kanuni ya utambuzi: faili kuu ya programu ikiwepo ndani ya %LOCALAPPDATA%\Programs, hesabu kwamba programu ipo. Nilitumia kigeu cha %LOCALAPPDATA%, yaani jina ambalo Windows hulibadilisha kuwa folda ya AppData\Local ya akaunti inayouliza, badala ya jina la folda yangu kwa vile kila mtumiaji ana yake. Nilijiona mjanja.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Programu inayotua kwenye AppData badala ya Program Files ni programu ya mtu mmoja, si ya kompyuta nzima. Watengenezaji wengi hupenda mtindo huo kwa sababu hauhitaji haki za msimamizi: mtu anapakua, anabofya, anaanza kazi. Visual Studio Code, kwa mfano, ina visakinishi viwili tofauti, kimoja cha mtumiaji na kimoja cha mfumo, na anayepakua huchagua. Chrome nayo hukubali kukaa kwenye folda ya mtumiaji pale aliyeisakinisha anapokosa haki za msimamizi. Haya nilikuwa nayajua. Kujua kitu na kukikumbuka Jumatano jioni ukiwa umebanwa ni mambo mawili.

Kisha nikaituma programu kwa chombo chetu kwenye kompyuta ileile ya majaribio. Ikawa ya kijani. Nikafungua menyu ya Start, ikoni ipo. Nilichosahau ni kwamba ikoni ile ilikuwa ya usakinishaji wangu wa mkono, si ya chombo. Kompyuta ya majaribio ilikuwa chafu, nami sikuisafisha.

Awamu ya pili ya majaribio ilikuwa kompyuta kumi za idara yetu wenyewe. Zote kijani, na wenzangu wote wakasema wanaiona. Ni kweli waliiona. Faili ilipofika wiki ile, kila mmoja wao alikuwa ameshaipakua na kuibofya kwa udadisi wa kifundi. Tulikusanya watu kumi ambao tayari walikuwa na programu, tukawauliza kama programu imewafikia.

Alhamisi usiku tukaiachilia kwa ofisi nzima. Ijumaa asubuhi: 238 kati ya 241. Nikaandika ule ujumbe.

Kwenye kiti cha mhasibu

Saa tatu na nusu Jumatatu niliacha simu, nikashuka hadi uhasibu. Yule mama alinipisha kiti chake bila neno, akasimama nyuma yangu mikono kifuani.

Niliandika jina la programu kwenye menyu ya Start, hakuna. Program Files, hakuna. Orodha ya programu zilizosakinishwa, hakuna. Logi ya wakala (kumbukumbu ya alichofanya), hata hivyo, ilikuwa safi kabisa: Alhamisi usiku kifurushi kilipakuliwa, amri ikaendeshwa, ikamalizika kwa namba 0 (yaani bila kosa), utambuzi ukajibu "ipo". Nilitafuta jina la faili kwenye diski nzima. Hakuna.

Utafutaji ule niliufanya ndani ya akaunti ya mama, na hilo lilinipotezea robo saa. Akaunti ya kawaida hairuhusiwi kusoma C:\Windows\System32\config na ndugu zake, na utafutaji ukifika mahali usiporuhusiwa hupita kimya, hausemi "hapa nimezuiwa". Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikatafuta tena kwa dir /s /b, amri inayopekua folda zote. Jibu likaja mstari mmoja:

C:\Windows\SysWOW64\config\systemprofile\AppData\Local\Programs\

na mbele yake jina la programu yetu. Imekaa pale nzima, mpya, na faili zake zote.

Wakala wa kusambaza programu huendeshwa na akaunti ya mfumo, ile inayoitwa SYSTEM. Akaunti hiyo ina nguvu karibu zote kwenye kompyuta, ndiyo maana inaweza kusakinisha bila kumwomba mtu nywila. Lakini nayo ni akaunti kama nyingine: ina profaili yake (folda ya faili na mipangilio yake), ina AppData yake, ina hata menyu yake ya Start ambayo hakuna anayeifungua. Profaili hiyo hukaa kwenye folda ya systemprofile. Kisakinishi chetu kilifanya kile kinachofanya siku zote: kiliuliza "nani ananiendesha?" kikaambiwa SYSTEM, kikamsakinishia SYSTEM. Tulikuwa tumewapelekea programu watumishi 238 wasioketi mezani, wasio na skrini wala kipanya, na ambao hawatasaini waraka hata siku moja.

Kwa nini SysWOW64 na si System32? Kwa sababu kisakinishi kilikuwa cha biti 32, yaani kilitengenezwa kwa mtindo wa zamani, si wa biti 64 kama Windows yenyewe. Mchakato wa biti 32 ukiomba System32 kwenye Windows ya biti 64, Windows huupeleka SysWOW64 bila kuuambia. Majina haya yamewachanganya wengi: System32 ndiyo ya biti 64, SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Na huo uhamisho ni wa chinichini kiasi kwamba mchakato wenyewe ukiulizwa uko wapi hujibu "System32" kwa moyo mweupe.

Nilirudi kwenye meza yangu nikathibitisha kwa PsExec, kile chombo cha Sysinternals. Amri ya psexec -s -i cmd hufungua dirisha ambalo ndani yake wewe ndiye SYSTEM. Nikaandika whoami, ikajibu nt authority\system. Nikaandika echo %LOCALAPPDATA%, ikanionyesha systemprofile. Sekunde kumi za kazi. Ningezitumia wiki iliyotangulia, Jumatatu yangu ingekuwa ya kawaida.

Sasa turudi kwenye utambuzi, maana hilo ndilo fundo la kisa. Kisakinishi kukosea mahali ni jambo la kawaida, na kanuni ya utambuzi ipo ili kukamata kosa kama hilo. Yetu haikulikamata kwa kuwa iliendeshwa na wakala yuleyule, kwa akaunti ileile, ikitumia kigeu kilekile. Ilipouliza %LOCALAPPDATA% ni wapi ilielekezwa systemprofile, ikachungulia, ikakuta faili, ikasema ipo. Mtuhumiwa na shahidi walikuwa mtu mmoja. Kama ningeandika kanuni ya kijinga zaidi, yenye jina la folda yangu mwenyewe, kompyuta zote zingekuwa nyekundu Ijumaa asubuhi na tungekuwa na siku tatu za kujirekebisha. Ule ujanja wangu wa kigeu ndio uliozipaka rangi ya kijani.

Kuna jambo lingine lililojitokeza asubuhi ile, nalo lilituaibisha kidogo. Nje ya idara yetu kulikuwa na watu watano ambao programu mpya iliwafanyia kazi bila shida. Tulipowauliza, walikiri kwamba walikuwa wameipakua wenyewe kutoka kwenye tovuti ya mwenye mfumo, kinyume cha utaratibu wa ofisi. Waliovunja utaratibu walikuwa wanafanya kazi, waliotutii walikuwa kwenye foleni ya simu.

Kuzima moto

Mwenzangu mmoja alikuwa na pendekezo jepesi: tuweke faili kwenye folda ya pamoja, tuwaandikie wote wabofye mara mbili, basi. Haihitaji haki za msimamizi, dakika mbili kila mtu amemaliza. Nakiri lilinivutia. Tulibishana karibu nusu saa, muda ambao simu zilikuwa zikiendelea.

Hofu yangu ilikuwa ya kesho yake. Ukimwachia kila mtumiaji nakala yake ndani ya profaili yake, umezalisha programu mia mbili na ushei ambazo hazina mwenyewe. Kompyuta za zamu zinatumiwa na watu sita au wanane, kila mmoja angekuwa na nakala. Aliye likizo hapati sasisho, na nakala yake ya zamani hubaki kwenye diski na matundu yake ya usalama hadi arudi. Na kuziondoa baadaye ni kazi, kwa sababu taarifa za kuiondoa huandikwa kwenye tawi la mtumiaji la rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na tawi hilo kwa kawaida halipakiwi kama mwenyewe hajaingia.

Tulikubaliana kwenye njia ya kati. Watu 17 waliokuwa na nyaraka za kusainiwa siku hiyohiyo walipewa faili wakabofya, na majina yao tukayaandika. Wengine waliombwa kusubiri hadi Jumatano. Mama wa uhasibu alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya 17.

Katika harakati hizo mwenzangu mwingine alitaka kujua ni kompyuta zipi hasa zina nini, akaanza kuandika skripti ya PowerShell, lugha ya amri za Windows, ya kuuliza Win32_Product, yaani orodha ya programu zilizosakinishwa kwa MSI, kwenye kompyuta zote. Nilimshika mkono. Swali hilo linaonekana la kusoma tu, lakini Windows Installer, sehemu ya Windows inayosakinisha vifurushi vya aina ya MSI, hulijibu kwa kukagua uzima wa kila kifurushi hicho kilichopo, na ikihitajika kukirekebisha. Kwenye logi ya matukio utaona msururu wa namba 1035, mmoja kwa kila programu, na mtumiaji ataona kompyuta imekuwa nzito asijue kwa nini. Na hata angeuliza asingepata kitu, maana programu mpya tuliyotuma haikuwa ya MSI. Njia nyepesi ni kusoma funguo za Uninstall kwenye rejista, na usisahau zile zilizo chini ya WOW6432Node, ambako programu za biti 32 huandikwa.

Kuchagua njia

Zilikuwepo njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea na kisakinishi kilekile lakini wakala akiendeshe kwa akaunti ya mtumiaji aliyeingia. Vyombo vingi vinaruhusu. Ni kubadili chaguo moja tu. Inafanya kazi, ila inaturudisha kwenye nakala moja kwa kila profaili, yaani pendekezo la mwenzangu likiwa limevaa suti.

Ya pili ni Active Setup, utaratibu wa zamani wa Windows ambapo amri unayoiandika kwenye rejista ya kompyuta huendeshwa mara moja kwa kila mtumiaji anapoingia. Niliwahi kuutumia na haujawahi kunisaliti. Lakini mtu hukaa akitazama skrini ya kuingia huku kisakinishi kikifanya kazi, na tatizo la nakala nyingi liko palepale.

Ya tatu ni kisakinishi cha kompyuta nzima. Tuliwaandikia wenye mfumo kuuliza kama wana faili ya MSI. Wakajibu mchana uleule kwamba ipo siku zote, kwenye ukurasa wa wasimamizi. Hatukuwahi kuuliza. Wiki mbili tulizobadilishana barua tulikuwa tunaomba "faili ya kusakinisha", nao wakatupa faili ya kusakinisha.

Amri mpya ilikuwa msiexec /i ikifuatwa na jina la faili, kisha ALLUSERS=1 /qn /norestart, na mwishoni /l*v na njia ya logi. Kila kipande kina kazi. ALLUSERS=1 humwambia Windows Installer kwamba hii ni ya kompyuta, si ya mtu. /qn ni kimya kabisa. /norestart huzuia kompyuta kujizima mtu akiwa katikati ya kazi. Na logi ndefu ya /l*v utaishukuru siku mambo yatakapoharibika, kama yalivyoharibika kwetu siku ya pili.

Uongo wa upande wa pili

Safari hii nilichukua kompyuta tano za watu watano wa idara tano tofauti, watu ambao hawajui wala hawataki kujua MSI ni nini. Kwanza nilihakikisha hakuna hata moja yenye mabaki. Jumanne asubuhi nikaituma programu, nikawapigia simu mmoja mmoja: unaiona? Ifungue. Saini waraka wa majaribio. Wote watano walisaini.

Dashibodi ikasema: tano kati ya tano zimeshindwa.

Nilicheka, sikuwa na la kufanya. Kanuni mpya ya utambuzi ilitafuta faili ndani ya %ProgramFiles%. Wakala wetu ni wa biti 32, na mchakato wa biti 32 ukiuliza %ProgramFiles% hupewa Program Files (x86). Programu mpya ni ya biti 64, ilitua Program Files yenyewe. Wakala alichungulia chumba cha jirani, akakuta patupu, akaripoti kushindwa, kisha kwa kuwa programu ni ya lazima akaanza kuisakinisha upya. Kila mzunguko Windows Installer ilijibu 0 kwa sababu kitu kipo tayari, na kila mzunguko utambuzi ukakataa. Tungeiachilia kwa ofisi nzima, kompyuta 241 zingekuwa zinasakinisha programu hiyohiyo mchana na usiku.

Niliandika njia kamili, C:\Program Files, bila kigeu. Njia hiyo haihamishwi kama inavyohamishwa System32. Pia niliongeza sharti la toleo, lisiwe chini ya 4.10, nikahakikisha chombo kinalinganisha kama namba za toleo na si kama maandishi. Kwa maandishi 4.9 ni kubwa kuliko 4.10, maana 9 inaizidi 1, na kompyuta yenye toleo la zamani ingepita kama mpya.

Baada ya hapo tulitoka tano tukaenda thelathini, na Jumanne usiku tukaenda zote.

Waliobaki

Jumatano asubuhi picha ilikuwa na mabaka, na kwa mara ya kwanza niliifurahia picha yenye mabaka. Kompyuta kadhaa zilirudisha namba 1618, yaani kuna usakinishaji mwingine unaendelea, na wakala akarudia mwenyewe baadaye zikapita. Nyingine zilirudisha 3010: imefanikiwa, lakini kompyuta inahitaji kuwashwa upya, kwa kawaida kwa sababu mtu aliacha toleo la zamani wazi na faili zake haziwezi kubadilishwa zikiwa zinatumika. Hizo tulizionyesha ujumbe mdogo wa kuomba kuwashwa upya kabla ya jioni. Chombo kikisanidiwa vibaya huihesabu 3010 kama kosa, inafaa kuangalia.

Nne zilirudisha 1603, ile namba inayosema "imeshindikana" bila kusema kwa nini. Wengi wakiiona huanza kubahatisha: zima kinga ya virusi, jaribu tena, badilisha kompyuta. Logi ya /l*v inaokoa muda huo. Unaifungua, unatafuta maneno "Return value 3", kisha unasoma mistari michache juu yake, maana hapo ndipo hatua halisi ilipoanguka. Kwenye zote nne mistari hiyo ilikuwa na kosa 1714: toleo la zamani haliwezi kuondolewa.

Chanzo chake kilinichukua hadi mchana. Windows Installer huhifadhi nakala ya kila MSI iliyowahi kusakinisha ndani ya C:\Windows\Installer, folda iliyofichwa, na huitumia nakala hiyo kuondoa programu au kuirekebisha. Folda hiyo hunenepa kwa miaka. Kompyuta hizo nne zilikuwa za zamani zenye diski ndogo, na mtu wa idara yetu, wakati fulani, aliikuta folda imekula nafasi nyingi akafuta kilichomo. Programu hazikulalamika siku ile, wala mwezi ule. Zilisubiri hadi siku ya kuondolewa. Tulichimbua MSI ya toleo la zamani kwenye hifadhi, tukaendesha msiexec /fv juu yake ili nakala irudishwe mahali pake, na baada ya hapo toleo jipya likapita kwenye zote nne.

Alhamisi asubuhi mama wa uhasibu alipiga simu. "Mwanangu, sasa ninazo mbili. Nibofye ipi?"

Alikuwa na haki. Nakala tuliyompa Jumatatu ilikuwa bado kwenye AppData yake, na ikoni yake mezani ilielekea huko, si Program Files. Wale 17, pamoja na watano waliojipakulia na sisi kumi wa idara, wote walikuwa hivyo. Skripti ya kuondoa nakala za watumiaji tuliiendesha kwa akaunti ya kila mmoja anapoingia, na hapo ile orodha ya majina tuliyoiandika Jumatatu ikatulipa. Bila orodha tungewasaka kwa kupekua profaili moja baada ya nyingine.

Nakala za systemprofile zilikuwa kazi nyingine. Kiondoaji nacho huuliza "nani ananiendesha?", kwa hiyo ilibidi kiendeshwe na SYSTEM, kwa mchakato wa biti 32, vinginevyo kingetafuta System32 halisi na kusema hakuna cha kuondoa. Taarifa zake za kuondoa zilikuwa kwenye tawi la rejista la S-1-5-18, ambalo ni la SYSTEM. Mtumiaji asingeiona programu hiyo kwenye orodha yake hata angekaa nayo miaka kumi. Utambuzi wa kazi hii niliuandika kinyume, faili isiwepo, kwa njia kamili, na nikautuma kwanza kwenye kompyuta moja tu. Dashibodi ilipogeuka kijani nilishuka uhasibu, nikamwomba mama anipishe kiti tena, nikafungua dirisha la amri kama msimamizi na kutafuta jina la faili kwenye diski nzima. Ukatoka mstari mmoja, wa Program Files. Nikapanda juu, nikaituma kwa 237 zilizobaki.